Mume Wangu Alikiri Kuzitoa Koili za Pikapu ya Baba

Nilifungua boneti mvua ikinichapa mgongoni, nikakuta kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo.

Distribyuta.

Ile ile kuukuu ya baba, na kifuniko chake cheusi, na waya zake za plagi zimejikunja huku na huku, zote zinachuruzika maji.

Koili nilizozifunga mimi kwa mikono yangu hazikuwepo. Sensa haikuwepo. Hata kile kiboksi cheusi cha kuziongoza kilikuwa kimeng'olewa.

Ndani ya gari mdogo wangu Agape alikuwa kwenye uchungu wa uzazi. Amejifunika khanga mbili, ameshika mlango kwa mikono yote, anahema kwa kukatakata.

Tulikuwa katikati ya mlima, tunashuka kutoka Mbaga kwenda hospitali Same. Ukungu umefunga. Tulikuwa tumetoka kuvuka kijito kilichofurika kinachokatiza barabara, gari likakohoa mara mbili, likazima.

Mume wangu Eliufoo akaruka kutoka nyuma ya pikapu, alikokuwa amejikunyata chini ya turubai.

"Nini tena?"

"Njoo uone."

Akaja. Akaangalia. Akakigusa kile kifuniko kwa kidole kimoja.

"Nani kafanya hivi, Eliu?"

Akageuka, akaangalia barabara tuliyotoka.

"Nasema hivi. Aliyefanya hivi, awe nani, awe hata baba yangu mzazi, sitamsamehe mpaka naingia kaburini."

Akafuta maji usoni kwa kiganja. Akaniangalia machoni.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyezitoa."

Wadau, naomba mkae hapo hapo. Hii nimeibeba muda mrefu, na leo naishusha yote kwa pamoja. Hakuna sehemu ya pili.

Naitwa Beatha. Ni fundi umeme wa magari, gereji yangu ipo Same mjini, si mbali na stendi. Kule upepo unapuliza vumbi mpaka kwenye chai, lakini nyumbani kwetu ni juu, Mbaga, milimani, ambako ukiamka asubuhi huoni hata zizi la jirani kwa ukungu.

Mama alifariki tukiwa wadogo. Baba yetu, Mzee Melkizedeki, alitulea mimi na Agape kwa ile pikapu. Alipakia maharage na ndizi za watu kupeleka sokoni, alipakia mabati ya kanisa, alipakia wagonjwa. Kila mtu kule juu akipatwa na jambo anasema, nenda kagonge kwa Mzee Melki.

Ubovu wa pikapu ulikuwa mmoja. Maji.

Kwa wasiojua magari, distribyuta ni kile kitu kinachogawa moto kwa plagi, moja baada ya nyingine, kupitia kifuniko chenye waya. Gari za zamani zote ziliishi hivyo. Sasa unyevu ukiingia kwenye kile kifuniko, moto unapotea njiani. Gari linakohoa, linazima. Na milima yetu ni unyevu mwanzo mwisho.

Baba alikuwa na dawa yake. Anasimama, anafungua kifuniko, anakikausha kwa kitambaa, anasugua platini, vile vichuma vidogo vya ndani vinavyogusana, kwa msasa, anatega sikio, anazungusha distribyuta kidogo tu mpaka injini inakaa sawa. Mimi ufundi nilianza kuupendea hapo, nikiwa nimesimama juu ya jiwe kando yake nikimshikia kile kitambaa.

Lakini baba alikuwa amezeeka. Nilikuwa naogopa siku moja atasimama peke yake kwenye kona mbaya, mvua inanyesha, mikono inatetemeka.

Nikamwambia Eliufoo, "Nataka niitoe distribyuta kabisa. Nifunge koili, kila plagi ipate moto wake moja kwa moja."

Eliufoo alikuwa fundi wa kuchomelea. Duka lake lilikuwa linatazamana na gereji yangu, ndivyo tulivyoonana. Mwanaume wa maneno machache. Ukimwambia jambo anaitikia kwa kichwa, kesho yake unakuta limefanyika.

Akauliza, "Unahitaji nini kwangu?"

"Gurudumu dogo lenye meno, la kukaa mbele ya injini, kwenye puli ya krenki. Sensa itayasoma yale meno, ijue injini iko wapi kwenye mzunguko wake. Inakiambia kiboksi, kiboksi kinaziamuru koili zipige moto. Hakuna kifuniko cha kuingia maji."

Akaitikia kwa kichwa.

Alikikata kile chuma jino kwa jino, akakipiga tupa mpaka kikawa hakiyumbi hata kidogo. Akachonga na kizibo cha kuziba tundu lilipokuwa distribyuta. Koili nilizipata kwenye gari lililopinduka. Tulifanya ile kazi Jumapili baada ya ibada, tukiwa na chupa ya chai na redio, tunacheka, tunapakana grisi kama watoto.

Siku tulipoiwasha, ikaunguruma laini mpaka Eliufoo akacheka peke yake.

Baba alisimama pembeni na distribyuta yake mkononi, ameifunga kwenye gunia.

"Na hii ikigoma, mwanangu, nitafanyaje?"

"Haitagoma, baba. Wewe endesha tu."

Akasema, "Haya." Akaondoka na gunia lake.

Mvua za mwaka ule zilikuja, pikapu haikuzima. Watu wa kule juu wakawa wananipigia simu kunishukuru. Mimi nikajiona nimemaliza.

Sasa turudi barabarani.

Eliufoo kasema ni yeye. Sikuwa na muda wa kumuuliza zaidi. Nilivua kilemba nikakausha kifuniko, nikakausha waya, gari likawaka, tukaenda mwendo mfupi, likazima. Nikakausha tena. Likazima tena. Mvua haikutupa nafasi.

Agape akaniita.

"Dada, siwezi tena."

Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha pikapu, mimi nikiwa mkunga nisiyejua chochote, Eliufoo ameshikilia turubai mlangoni mvua isituingie. Mtoto wa kiume. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Nilikitoa. Nikampuliza, nikamsugua mgongo, nikamwita jina ambalo hata hakuwa amepewa.

Hakulia...

Mvua ilipokatika gari likakubali. Tulipofika hospitali, daktari aliniambia neno moja tu ambalo bado naliota: "Mngewahi kidogo."

Agape alipona mwili. Tulimzika mtoto Mbaga, nyuma ya nyumba, karibu na mama.

Baada ya maziko ndipo nilipomkalisha Eliufoo chumbani kwetu.

"Koili ziko wapi?"

"Nilizipeleka Mwanga."

"Kwa nani?"

"Kuna mtu alizihitaji."

"Mtu gani?"

"Bea, niache."

"Mwanamke?"

Akainama kufungua kamba za viatu, kamba ambazo zilikuwa zimeshafunguliwa.

Jamani, mtu akinyamaza hapo wewe ungefikiria nini? Kipindi kile alikuwa anakwenda Mwanga mara kwa mara kuchomelea mageti. Mimi kichwani nikamchora yule mwanamke mpaka sura. Nikamwona anaendesha kagari kake na koili zangu, mtoto wa mdogo wangu yuko ardhini.

Nikasema, "Ondoka kwangu."

Familia ikaitisha kikao nyumbani kwa baba. Akaja mzee wa kanisa, wakaja shangazi zangu wawili. Agape alikuwa amelala chumba cha pili, bado dhaifu, na tulikubaliana asiambiwe lolote la koili. Eliufoo akaulizwa mbele ya watu, akarudia yale yale. Nilizitoa. Nilimpa mtu. Nimekosa.

Baba akasimama.

"Mimi nina neno," akasema.

Eliufoo akamkatisha. "Baba, kaa tu. Nimeshasema mimi."

Shangazi yangu akaguna. Mkwe anamkatisha baba mkwe mbele ya kikao? Mimi nikaona hapo ndipo alipomaliza heshima yote iliyobaki. Nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Baba akakaa.

Eliufoo alichukua mashine yake ya kuchomelea, begi moja la nguo, akaondoka Same. Aliwahi kurudi siku moja, akagonga mlango wa nyumba yetu. Nilimwona dirishani. Sikufungua. Alisimama pale muda, upepo unampeperushia shati, halafu akaenda zake stendi.

Baadaye nikasikia yuko Hedaru. Halafu nikasikia anaishi na mwanamke, binti aliyekuja na ndugu zake kutoka Mbeya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge.

Nikajiambia, si unaona? Nilijua tu.

Miaka ikapita. Agape akashika mimba nyingine, akajifungua salama hospitali, binti mzuri, analia mpaka majirani wanalalamika. Mimi nikaendelea na gereji yangu. Wanaume walikuja, sikumsikiliza hata mmoja.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilipanda Mbaga kumwona baba. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya pikapu, boneti iko wazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pumzika, halafu nataka unifundishe jambo."

"Jambo gani?"

"Zile koili. Nataka unifundishe zinavyofanya kazi, halafu unirudishie."

Nikacheka kidogo, kwa uchungu. "Koili zipi, baba? Eliufoo si alizitoa akampa hawara yake?"

Baba akatazama chini.

"Hakuzitoa yeye."

Akainuka taratibu, akaingia stoo. Akarudi na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na khanga ya marehemu mama, na ndani ya khanga kulikuwa na koili zangu, sensa, kiboksi, na lile gurudumu la meno alilolipiga tupa Eliufoo. Vimepanguswa vizuri, havina hata vumbi.

Nikakaa chini, kwenye majani.

Baba akaanza kuongea kwa Kipare, polepole, kama mtu anayeungama.

Kumbe wiki chache kabla ya siku ile ya mvua, alikuwa anateremka na maharage ya watu. Pale msituni gari likazima. Panya alikuwa ametafuna waya wa sensa. Kitu kidogo, mimi ningekiona mara moja.

"Nikafungua boneti," baba akasema. "Nikakiona kiboksi. Nikakiangalia, nacho kikaniangalia. Hakuna pa kugusa. Hakuna pa kusugua. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka lori likaja kunivuta. Mimi, Beatha. Nilivutwa kwa kamba mpaka kijijini, watoto wanakimbia nyuma wanashangilia."

"Kwa nini hukunipigia simu, baba?"

"Nikuambie nini? Wewe ulisema haitagoma."

Nikaiokota ile sensa, nikautazama waya wake.

"Nikaona bora ile ninayoijua. Ikizima, naiwasha mwenyewe. Nikafungua, nikarudisha distribyuta yangu. Nilitaka nikuambie ukija. Halafu ukaja siku ile, Agape ameshikwa, hakuna aliyeuliza, hakuna aliyesikiliza. Mkaondoka."

"Na Eliufoo?"

"Eliufoo alinifuata hospitali nilipokuja kesho yake, nyuma ya wodi. Akaniambia, baba, najua ni wewe, hakuna mtu mwingine anayeweza kuifunga hii na kuipatia. Nikataka kulia. Akanishika bega. Akasema, usiseme sasa. Agape akisikia hatanyanyuka pale kitandani. Na Bea ameapa. Acha nilibebe mimi mpaka Agape apate nguvu, halafu tutalisema pamoja."

Akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Siku ya kikao nilitaka kusema. Akaninyamazisha. Halafu akaondoka. Na mimi kila nikisema leo, naona uso wako, naona uso wa Agape, nasema kesho."

Wadau, nililia pale chini mpaka sauti ikaisha. Sikumgombeza. Nilipomtazama niliona mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, ameinamia gunia tupu, na miaka yote ile alikuwa anapita nyuma ya nyumba kila siku kwenda kulisha mbuzi, anapita pembeni ya kile kikaburi.

Nilimshika mkono. Nikamwambia, "Nimesikia, baba."

Kesho yake nikapanda basi la Hedaru.

Duka lake nililipata kwa kuuliza, nyuma kidogo ya barabara kuu, malori yamejipanga mbele. Alikuwa ameinama kwenye geti, cheche zinaruka. Nikasimama mpaka akamaliza. Akavua miwani.

Alikuwa amekonda. Mvi zimeanza pembeni ya masikio.

Hakushtuka. Kitu cha kwanza aliuliza:

"Agape hajambo?"

"Hajambo. Ana binti. Amechangamka."

Akatabasamu, kweli kabisa. "Mungu mwema."

"Baba ameniambia, Eliu."

Tabasamu likashuka. Akaangalia huku na huku, kana kwamba Agape angekuwa nyuma yangu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi iishie kwako. Agape asijue. Yule ni baba yake."

Nikashindwa kuvumilia. "Na mimi? Mimi nilikuwa mkeo. Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

Akakaa kwenye kipande cha chuma. Akanionyesha na mimi nikae.

"Ungemsamehe?"

Nikalitazama lile geti lake.

"Ulisema hutamsamehe mpaka unaingia kaburini. Nilikusikia. Niliuona uso wako, Bea. Nikasema, huyu akimchukia baba yake atakosa mzazi, na Agape atakosa dada na baba kwa siku moja. Mimi je? Mimi nilijua utanikasirikia. Mwezi, miezi miwili. Nilisema nitavumilia."

"Na yule mtu wa Mwanga?"

"Hakuna mtu wa Mwanga. Nilitaja mji na mtu wa kubuni tu. Wewe ndiye uliyemweka mwanamke ndani yake."

"Ulinyamaza nilipokuuliza."

"Nilinyamaza kwa sababu uongo ulikuwa umeniishia." Akachezea miwani yake. "Nilidhani... nilidhani ukitulia, siku moja utakuwa unaosha vyombo, au unafunga waya, utajiambia mwenyewe, hapana, Eliufoo ninayemjua mimi hawezi kufanya kile kitu. Nilikuwa naisubiri ile siku. Nilikuja mpaka mlangoni."

"Nilikuona."

"Najua. Pazia lilicheza."

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka, jamani. Si kwenye mvua, si kwenye kikao. Hapo. Kwamba alijua nimemwona.

Mwanamke akatoka nyuma ya duka na bakuli la makande, tumbo limeshatangulia, yuko karibu kujifungua. Akasalimia kwa adabu.

"Shikamoo, dada. Karibu."

Eliufoo akasema, "Ikupa, huyu ni Beatha."

Nikaona jina langu linamfika usoni. Analijua. Nilijiandaa kwa lolote. Yeye akarudi ndani, akatoka na bakuli jingine, akalipangusa pembeni kwa khanga yake, akaniwekea mkononi.

"Kula, dada. Safari ni ndefu."

Kisha akamwambia Eliufoo, "Mimi nakwenda kisimani," akatuacha.

Mwanamke mwema. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Ni mwema.

Nikamuuliza Eliufoo swali la mwisho, najua mnataka kujua kama nililiuliza. Ndiyo, nililiuliza.

"Unanipenda bado?"

Akatazama njia alikopita Ikupa.

"Usiniulize hivyo," akasema. "Huyu hajanikosea kitu."

Nikala makande yale yote, kila punje ikinikwama. Nikamshukuru Ikupa aliporudi. Nikapanda basi.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Nilidhani kazi yangu iliyobaki ni kufunga mdomo, kama alivyoniomba, Agape asijue.

Lakini sikuweza kumficha Agape macho yangu. Alikuja gereji na mtoto mgongoni, akanikuta nalia juu ya betri ya mtu.

"Dada, nini?"

"Nimetoka Hedaru."

Akamshusha mtoto, akakaa karibu yangu. "Kwa shemeji?"

"Ndiyo."

"Bado unaumia na yule mwanamke wake wa Mwanga? Dada, miaka yote hii. Kama ulimfukuza kwa umalaya, ulimfukuza kwa haki."

"Nilimfukuza kwa ajili ya koili, Agape."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Koili gani?"

"Zile za pikapu. Alisema alizitoa yeye."

Agape akafunika mdomo.

"Dada... koili alizitoa baba."

Nikaweka spana chini.

"Unajuaje?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nyumbani na tumbo langu, nimekaa pale barazani. Baba alifungua mchana kweupe, mimi nilimshikia kopo la boliti. Tulikuwa tunapiga stori. Aliniambia jinsi alivyovutwa na lori, tukacheka, mpaka akaniomba nisikuambie kwa sababu ya aibu."

"Na baada ya mtoto?"

Machozi yakamtoka bila sauti.

"Nilijua siku ile ile, pale pale kwenye kiti. Nililala hospitali nikijua. Nilimwona baba anaingia wodini hawezi kuniangalia. Ningemwambia nini? Alikuwa baba tu aliyetaka gari analolijua. Nilimsamehe kabla sijatoka kitandani. Sikulitaja kwa sababu niliogopa atakufa. Na wewe nilidhani unajua, wewe si ndiye fundi uliyefungua boneti? Niliposikia umemfukuza shemeji, watu wakasema ana mwanamke Mwanga, nikasema basi, hayo ni mengine."

Tukatazamana, mimi na mdogo wangu, mtoto wake anavuta spana sakafuni.

Mnaona kilichotokea?

Eliufoo alibeba kosa ili Agape asijue. Na Agape alijua tangu mwanzo, na alishasamehe. Baba alinyamaza ili Agape asiumie, Agape akanyamaza ili baba asife. Kila mmoja amemkinga mwenzake kwa upendo, na ndoa yangu ikafia katikati yao bila mtu hata mmoja kuigusa kwa ubaya.

Mtu mmoja tu angeuliza swali moja kwa sauti, leo nisingekuwa naandika haya.

Nilikwenda na Agape Mbaga. Alimkumbatia baba pale uani, akamwambia sikioni kitu ambacho sikukisikia, na mzee akalia kama mtoto. Pikapu nimeifunga koili tena. Safari hii nilimweka baba kando yangu siku nzima, nikamwonyesha kila waya, nikazichomoa mwenyewe kwa makusudi na kumwambia atafute. Ananikosoa jinsi ninavyoshika koleo. Waya niliyoichomoa anaipata kila mara.

Eliufoo nimemwacha na maisha yake. Nimesikia Ikupa amejifungua mtoto wa kiume. Nimemtumia khanga.

Agape ndiye aliyeniambia niandike. Alisema, andika, huenda kuna mtu muda huu amemfungia mwenzake mlango na amesimama nyuma ya pazia.

Kama ni wewe, funzo langu ni hili. Ukimbadilishia mtu kitu alichokizoea, mfundishe, usimwambie aendeshe tu. Na mtu unayemjua akikiri jambo ambalo halifanani naye, usikimbilie kuuliza ni nani. Muulize ni kwa nini. Kisha kaa chini, unyamaze, mpaka akujibu.

Mimi sikuuliza. Hivi sasa ni Jumapili, watu wametoka ibadani, duka la kuchomelea linalotazamana na gereji yangu limekuwa la kuuza vocha, na ndani ya nyumba yangu kuna kikombe kimoja mezani.